Gari la Umeme na Nusu Saa ya Njia Panda

Kyerwa, Kagera
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta goti limepata nafuu, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika. Je, mvua zimeanza huko Iramba, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Alizeti mmepanda upande gani mwaka huu? Mimi mwili mzima, nakula na nalala. Huku mvua haijui kupumzika, na ndizi nimezizoea, ila nikiota ugali wa uwele naamka na njaa. Hayo ndiyo mazuri yote niliyo nayo, mama. Nimeyaweka mbele ili usidhani nimeanguka kitandani.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Mara tatu umenipigia mwezi huu ukauliza habari za gari jipya, na mara tatu nimekujibu "zuri tu, mama," kisha nikasingizia mtandao. Mtandao haukuwa na kosa. Uliniambia umewatangazia akina mama wa kwaya kwamba mwanao kakabidhiwa gari la umeme, nami nikakosa mdomo wa kukujibu. Sasa nimekata shauri kukuandikia, kwa sababu kwenye karatasi hutanikatiza, nami sitakusikia ukilia.

Nianzie mwanzo. Kituo chetu cha afya kilikuwa na gari moja kuukuu la dizeli, ambalo watu walilibatiza Ngurumo. Pampu yake ilipokufa likapandishwa juu ya mawe nyuma ya jiko, na hapo limekaa, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Wafadhili wakasema watatupatia gari la umeme kwa majaribio ya miezi sita. Dereva atajaza fomu kila wiki, aeleze linavyopanda, linavyoshuka, linavyokula chaji na watu wanavyolipokea. Dereva ndiye mimi. Fundi alilileta kutoka Dar es Salaam juu ya lori, jeupe, nyuma limefungwa kitanda cha mgonjwa, bado linanuka plastiki.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye usukani nikatafuta gia, nikakosa. Klachi hakuna. Fundi akanionyesha kitufe, nikabonyeza, nikasubiri liwake. Akacheka, akasema limeshawaka. Nilikanyaga kidogo tu likatoka kama limesukumwa na watu kumi. Ule mlima wa kuingia Nkwenda, ambao Ngurumo alikuwa anaupanda kwa gia ya kwanza huku anafuka moshi na mimi naomba Mungu, hili liliupanda huku fundi ananisimulia habari za timu yake ya mpira, na wala hakuhitaji kupaza sauti. Kwenye mteremko ukiachia mguu linajizuia lenyewe, na chaji inarudi. Juu ya kilima skrini ilisema sitini na moja, tulipofika bondeni ikasema sitini na tatu. Nilishuka nikaitazama ile namba nikacheka peke yangu. Miaka yote ya udereva sijaona gari linashiba kwa kutembea.

Siku mbili zilizofuata tulishuka upande wa Karagwe, tukazunguka vijiji vya Igurwa na Kiruruma kuona litafanyaje kwenye udongo. Kasoro zilikuwepo, sikuzificha. Tumbo lake liko chini, linakwaruza kwenye makalavati. Tope likizidi matairi yanazunguka bure. Kulijaza chaji ni usiku kucha, na umeme wa huku ukikatika haukuagi. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa, mama, sitakudanganya. Nikipita mbele ya duka natembea polepole ili wanione.

Sokoni Nkwenda kulikuwa na baba mmoja mbele yetu anasukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu na hajui. Nilipotoa kichwa dirishani kumwomba njia alishtuka, baiskeli ikaenda mtaroni na ndizi zake. Tulishuka tukamsaidia kuokota, akawa anatikisa kichwa anasema, waitu, yaani jamani, gari gani hili linanyemelea watu. Tulimwomba radhi, lakini tulipoingia ndani tulicheka mimi na fundi. Jioni ile kwenye fomu niliandika: halina kelele kabisa, mgonjwa atapumzika. Niliandika hivyo kama sifa.

Sasa nikueleze jinsi huku tunavyomchukua mgonjwa, maana bila hilo hutaelewa. Nyumba za huku hazionekani barabarani kama zetu. Kila mji umo ndani ya kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa, na barabara hupita mgongoni mwa kilima wakati nyumba ziko chini. Gari haliingii. Mgonjwa hubebwa kwa machela ya miti na wanaume wanne mpaka barabarani. Na hawamtoi mapema, hasa mama mzazi, kwa sababu hawataki alazwe ukingoni atazamwe na kila mpita njia. Walichokuwa wanafanya ni kusikiliza. Ngurumo akianza kupanda kilima cha pili, bonde zima linamjua. Wanaume wanainua machela, na nikifika njia panda nawakuta ndio wanatokeza kwenye migomba. Miaka mitatu niliyofanya kazi hapa sijawahi kushuka kumfuata mgonjwa nyumbani.

Na honi sikupiga hata siku moja. Hilo nilifundishwa na Mzee Ladislaus, dereva aliyenitangulia, wiki ile ile niliyofika. Aliniambia kwamba kwenye njia zetu honi ya gari la kituo ni ya marehemu. Ukirudisha mwili kutoka hospitali unapiga honi ndefu njia panda, wanaume wa vibanja vyote wanaacha kazi kuja kubeba jeneza, na wanawake wanaanza kulia. Ukimfuata mgonjwa aliye hai halafu ukapiga honi, umemzika na masikio yake yanasikia. Nililishika somo hilo, na gari lilipobadilika sikukumbuka kulifikiri upya.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya tatu ya majaribio. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na chaji ilikuwa thelathini na nne. Saa saba mchana ikaja simu ya Deusdedit, kijana mmoja mkulima wa bonde la pili. Mke wake, Adventina, alikuwa amejifungua nyumbani kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mzima, lakini damu ya mama haikatiki. Deusdedit alipiga akiwa juu kilimani, kwa kuwa kule chini simu zinashika mtandao wa nchi jirani. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, na wodini alikuwepo mama mwingine anasukuma. Akaniambia niende peke yangu nimlete haraka.

Nilikwenda haraka. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli. Mvua ilikuwa kubwa, na gari lilipanda vilima vyote bila kulalamika, nikafika njia panda saa nane kasoro. Hapakuwa na mtu. Skrini ilisema ishirini na saba. Nikapiga hesabu: nirudi kituoni, na pengine nimpeleke hospitali ya wilaya, kila chembe ya chaji ile itahitajika. Nami nimelelewa na dizeli. Nilidhani likisimama huku limewashwa linakula. Basi nikalizima. Nikazima na taa, nikazima na wipa. Baadaye fundi aliniambia kwa simu kwamba lingeweza kusimama vile mchana kutwa, taa zikiwaka, lisipunguze kitu cha maana.

Nikakaa humo. Mvua inapiga bati, migomba huku na huku inamwaga maji. Njia ya kushuka kwa Deusdedit nilikuwa naiona. Nilijua ni kama dakika kumi kwa miguu. Maji mekundu yalikuwa yanateremka juu yake, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya. Naandika hivyo, mama, ili usije ukanitetea. Nilijiambia watatokea tu, huwa wanatokea. Nilipiga simu ya Deusdedit, haikupatikana. Halafu likaja wazo lingine, kwamba labda wamepata pikipiki au gari la mnunuzi wa kahawa, kwa sababu mara mbili mwaka huu niliitwa nikakuta mgonjwa ameshaondoka. Wazo hilo lilinifaa, nikalikumbatia. Baada ya nusu saa nikaligeuza gari nikarudi kituoni, ishirini na mbili ikiwa imebaki.

Saa kumi Deusdedit alifika kwa pikipiki ya kukodi, amelowa mpaka mifupani. Akauliza mbona gari halikuja. Mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa kituo chetu, akamjibu kwamba gari lilikuja, likasubiri nusu saa, na wao hawakutokea. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Kijana wa watu akanigeukia, akanitazama kana kwamba ananiomba nikanushe. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, lilikuja. Ilikuwa kweli, ila sikusema iliyobaki. Tukaingia naye garini tukaondoka, na safari hii nilishuka ile njia mbio hadi nikaanguka. Tulimkuta Adventina amefunikwa kanga. Mama yake Deusdedit alikuwa kwenye kona amempakata mtoto, hata hakuinua uso.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, kwenye kibanja chao, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtu mmoja alisema gari lilifika, mwingine akasema Deusdedit alikuwa amelala, wa tatu akaongeza kwamba alikuwa amekunywa rubisi, ile pombe yao ya ndizi. Kila mtu alitia chumvi yake. Baba yake Adventina ni mzee wa Igurwa, mtu mpole asiyeongea sana, lakini siku ile alisema mbele ya watu kwamba matanga yakiisha atamchukua mjukuu wake. Alisema hawezi kumwacha mtoto kwa mtu aliyeshindwa hata kusimama barabarani. Na Deusdedit hakujitetea kwa neno lolote. Alikaa kainamisha kichwa. Aliyaamini yale maneno kuliko waliokuwa wakiyasema.

Mimi nilikuwa naandika fomu ya wiki. Nilifika kwenye swali la kama gari limewahi kushindwa kazi, nikaweka kalamu chini. Ndipo kichwani vitu vikapangana: taa zimezimwa, honi haikupigwa, na lile gari linalonyemelea watu sokoni. Walikuwa ndani wanasikiliza. Ndiyo maana hawakutoka.

Nilikwenda kwa mganga mfawidhi nikamweleza yote. Si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alivua miwani, akasema, "Yona, ukiandika hivi watalichukua gari, na mabonde yote haya yatabaki na lile lililo juu ya mawe. Adventina hatarudi. Watakaougua kesho watabebwa na nini?" Nikuambie ukweli, maneno yake yalinipoza. Siku nne nilijificha nyuma yake. Nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya wagonjwa wa kesho, wakati nilikuwa nanyamaza kwa ajili ya kazi yangu, na kwa ajili ya wale akina mama wa kwaya uliowatangazia.

Kilichonishinda ni yule mtoto. Kila nilipokuwa naosha gari nilikuwa nafikiri kwamba atakulia Igurwa akiambiwa baba yako alilala. Siku ya tano nikajaza fomu. Nafasi ya maoni ya dereva ni mistari mitatu, ikabidi nigeuze karatasi niandike nyuma. Niliandika kwamba gari halikushindwa, dereva ndiye aliyeshindwa, lakini kwamba kwenye vilima hivi gari lisilosikika ni gari ambalo halijafika. Nikaituma. Mganga mfawidhi hajanisemesha tangu siku hiyo, isipokuwa mambo ya kazi.

Siku ya kumaliza matanga niliacha gari kituoni nikaenda kwa miguu. Ile njia niliishuka kwa dakika tisa. Ndani walikuwa wametandaza nyasi sakafuni kama wafanyavyo, na wazee wamekaa kuzunguka. Walinipa kiti nikakikataa, nikakaa kwenye nyasi. Nikaamkia, nikaomba ruhusa ya kusema. Nilisema nilifika saa nane kasoro, nikazima gari na taa, honi sikupiga kwa sababu ya desturi tunayoijua wote, na kushuka sikushuka kwa sababu ya mvua. Hilo la mvua nililirudia, ili lisimpite mtu.

Baba yake Adventina ndiye aliyejibu.

"Kwa hiyo ulikuwa pale juu, umezima gari," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na huyu hakulala."

"Hakulala, mzee. Hakukuwa na kitu cha kusikia."

Deusdedit ndipo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Alisema kwamba baada ya kupiga simu alisimama barabarani mvuani kwa muda, hadi walipomfuata wakamwambia mkewe anamwita. Akashuka, na akawaambia wenzake kwamba hakuna haja ya mtu kubaki juu, gari watalisikia. Machela ilikuwa tayari mlangoni na wanaume wanne wamesimama nayo. Yule mzee akafumba macho. Kisha akamgeukia mke wake akasema mtoto atabaki kwa baba yake, na yeye bibi atakuja kukaa hapa miezi ya mwanzo kumsaidia kulea. Hakunilaani. Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa; angenilaani ningejua pa kuuweka uso wangu.

Nilidhani hapo pamekwisha, mama. Nilikuwa nimeanza kuinuka. Deusdedit akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha shuleni, kama nina hakika ilikuwa saa nane. Nikasema nina hakika.

"Saa nane alikuwa anaongea bado," alisema. "Tulikuwa tunamwimbia wimbo wa kanisani kumtia moyo. Yeye akasema, nyamazeni, nisikie gari. Tukanyamaza wote. Nikatoka kutafuta pikipiki, wao wakanyamaza mpaka mwisho."

Baada ya hapo walileta chakula, na nilikula kwa sababu kukataa ingekuwa kuwatukana. Sikumbuki kilikuwa chakula gani.

Gari bado lipo. Fundi amesema watalifungia kipaza sauti kinachovuma kama injini, na kwamba watu wa Dar wanajadili kama majaribio yaendelee au lirudishwe. Sijui wataamua nini, wala sijui kama nitaendelea kuwa dereva. Kwa sasa nikiitwa nashuka hadi mlangoni, mvua au jua. Kuna aliyenisifu kwa hilo juzi, nikaona aibu nikaondoka bila kuaga vizuri. Nakuomba uwaambie akina mama wa kwaya ukweli, au usiwaambie chochote, lakini usinisifu tena kwa gari hili. Na uniombee, si kwamba nisahau.

Nisalimie baba mdogo, mwambie redio yake sijaisahau. Nisalimie mjomba mwenye mashine ya kukamua alizeti, na shangazi wa kisimani, na mchungaji aliyenibatiza, kama bado ana nguvu za kusimama madhabahuni. Nishukurie pia jirani yetu mama Rehema kwa kukusaidia kuchota maji.

Na mdogo wangu Neema, ambaye uliniambia anatarajia kujifungua mwezi ujao, usimsomee barua hii. Mwambie tu asisubiri nyumbani. Wiki hii hii afunge nguo zake, ahamie kwa mama mdogo kule mjini, nyumba iliyo karibu na hospitali, akae hapo hadi siku yake. Akikubishia kwamba akizidiwa ataita gari, mwambie kaka yake ni dereva, na yeye ndiye aliyekataza.

Mwanao akupendaye,
Yona